Kengele ya Shimo la Kumi na Tatu

Binti yangu aliniuliza kwa simu, yuko Morogoro:
"Baba, unalipa pesa ili utembee?"

Nalipa, mwanangu. Kila Jumanne,
nikitoka zamu ya usiku hospitalini,
harufu ya dawa ingali mikononi,
napanda basi la kwanza hadi vilima vya Braid,
kusini mwa Edinburgh,
na mfuko wa fimbo saba begani. Saba tu.
Nne ni za marehemu mume wa jirani yangu, Senga Pitcairn,
aliyenigongea mlango akasema,
"Chukua, zinakula vumbi bure."

Kibandani yupo Geddes, na chai yake nyeusi.
Haulizi mimi mwanachama wa wapi,
haangalii kola ya shati langu.
Anauliza, "Peke yako?"
na kabla sijajibu ameshanipachika
kati ya fundi bomba mmoja, jina lake Dougal,
na mwalimu mstaafu wa hisabati
ambaye mapigo yake mwenyewe
humshinda kuhesabu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Geddes hajui kama huo ni msemo.

Nimewahi kucheza kule kwa matajiri pia,
hoteli yenye uwanja wake kando ya ziwa;
daktari mmoja aliugua mafua, akanipa nafasi yake.
Nyasi zimechanwa kama nywele za bibi harusi,
kigari chenye skrini kikinisomea umbali
kwa sauti ya mtu anayetoa majibu ya vipimo.
Pazuri, sitasema uongo.
Na shimo la tisa ningelirudia hata kesho:
aliyelichora alikuta jabali, akaliacha jabali,
akakuachia wewe uamuzi, kushoto au kulia.
Jabali lile lilistahili nauli.
Mashimo mengine yalinitoka kichwani
kabla sijafika maegeshoni.

Huku Braid hakuna aliyechana kitu.
Ardhi imelala ilivyolala, na mgongo wake,
na mbavu zake za mawe.
Mpira mzuri unaweza kugonga mwamba ukaenda zako mbaya;
mbaya ukagonga mwamba uleule, ukasamehewa.
Bendera hufuata upepo, twasema kwa dharau.
Njoo usimame hapa, mita mia na hamsini,
uone utakavyoishukuru kwa kukosa msimamo.

Mwezi wa Mei vichaka vya miiba huchanua manjano
na hunukia nazi.
Nazi, nakuambia! Nazi ya kukunwa sasa hivi.
Mara ya kwanza nilisimama tu,
macho yakitafuta mbuzi na kifuu.
Dougal akadhani natafuta mpira,
akazama miibani bila kuambiwa,
akatoka na mipira minne, wangu haumo,
na damu kidogo kidoleni.
"Chagua," akasema.

Halafu anapita mama na mbwa wake watatu,
katikati kabisa ya njia yetu, wala hana haraka.
Tunasubiri. Kilima ni chake pia.

Shimo la kumi na tatu limejificha nyuma ya kilima:
unapiga kwa imani, unafuata kwa miguu.
Ukimaliza, kuna nguzo, na kengele ya shaba,
kamba yake imekatika na kufungwa fundo mara tatu.
Unaivuta, maana yake: tumepita, njooni.
Huwaoni unaowaita.
Jumanne ile ilikuwa zamu yangu. Nikavuta.
Usiku kucha nilikuwa nimesukuma vitanda
kuelekea milango isiyosema kitu;
sasa ng'ambo ya kilima mtu nisiyemjua
akapaza sauti, "Asante!"
na mpira wake ukaja ukidunda, mweupe, umelowa umande,
ukapita karibu na kiatu changu.

"Na ulishinda?" akauliza binti.

Nilipiga mia na tisa.
Mwalimu anasema mia na saba.